Kuunganisha kompyuta ya mezani: kipi kianze, kipi kifuate

Vifaa vya kompyuta ya mezani karibu vyote vina tundu moja tu linalovifaa, kwa hiyo si rahisi kukosea kifaa kinakaa wapi. Kinachosumbua ni mpangilio. Kila unachofunga kinafunika kingine. Kipozaji kikubwa kinaziba tundu la umeme wa prosesa, kadi ya grafiki inafunika sloti ya M.2 (tundu bapa la diski nyembamba), na ubao mama ukishaingia kwenye kasha huwezi tena kufika mgongoni mwake. Ukiruka hatua utalazimika kufungua ulichokwisha kufunga, na ni katika kufungua na kurudia ndipo pini hupinda na vibanio huvunjika.

Kwa hiyo kinachofichwa kinatangulia, na kinachoziba njia kinakuja mwisho. Mpangilio unaofaa makasha mengi ni huu: prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda), SSD ya M.2 (diski isiyo na sehemu inayozunguka), kipozaji, jaribio nje ya kasha, pawa saplai, ubao mama, nyaya, diski nyingine, kisha kadi ya grafiki. Yapo makasha yanayovunja utaratibu huu, na yatatajwa mahali pake.

Kabla ya kushika bisibisi

Fungua kitabu cha ubao mama. Huhitaji kukisoma chote. Tafuta mchoro unaoonyesha jina la kila tundu, jedwali la nafasi za RAM, na ukurasa wa sloti za M.2. Ukurasa huo wa mwisho ndio unaorukwa sana, na ndio unaoeleza kwamba ukitumia sloti fulani ya M.2, baadhi ya matundu ya SATA (ya diski za waya) yanazimika. Mtu asiyejua hilo huilaumu diski isiyo mbovu kwa kosa lisilo lake.

Hakikisha soketi ya ubao, yaani mahali prosesa inapokaa, ni ile ya prosesa yako (AM4 au AM5 kwa AMD, LGA1700 au LGA1851 kwa Intel), na kwamba RAM ni ya kizazi kinachokubalika. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini pengo la katikati liko mahali tofauti, na moja haiingii kwenye sloti ya nyingine hata kwa nguvu. Pima urefu wa kipozaji na wa kadi ya grafiki, ulinganishe na vipimo vya kasha. Angalia pia toleo la BIOS (programu ya ubao inayoanzisha kompyuta): ubao uliotengenezwa kabla ya prosesa yako kutoka unaweza kukataa kuwaka hadi BIOS ibadilishwe. Mbao mama nyingi za sasa zina kitufe cha nyuma kinachosasisha BIOS kwa flashi bila prosesa kuwepo. Kama wako unacho, kazi hiyo ifanyike kabla ya mengine yote.

Zana ni chache: bisibisi ya nyota namba 2 yenye ncha ya sumaku (sumaku hiyo haidhuru RAM wala SSD), bisibisi ndogo zaidi kwa skrubu za M.2, tochi, vifungio vya nyaya, kitambaa kisichoacha nyuzi, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na kisahani cha kuwekea skrubu. Skrubu za aina tofauti zisichanganywe. Za nyuzi pana ni za pawa saplai na diski za inchi 3.5, zile nyembamba za M3 ni za SSD za inchi 2.5, na wakati mwingine za ubao mama. Skrubu isiyozunguka kwa vidole mizunguko miwili ya kwanza si yake. Usiilazimishe.

Kuhusu umeme tuli, usiogope kupita kiasi, ila usiupuuze. Fanya kazi mezani, usisimame juu ya zulia, usivae sufi. Chomeka pawa saplai kwenye tundu la ukutani lenye ethi huku swichi yake ya nyuma ikiwa imezimwa, kisha gusa chuma chake tupu kabla ya kushika kila kifaa. Mfuko unaong'aa uliobeba ubao mama usiufanye mkeka wa kuwashia ubao, maana upande wake wa nje unaweza kupitisha umeme. Boksi la kadibodi lililokuja na ubao ndilo meza bora kwa hatua tano zinazofuata.

1. Prosesa

Hapa ndipo kosa dogo linagharimu zaidi, kwa hiyo nenda taratibu. Ondoa chochote kinachoning'inia juu ya soketi, weka mwanga wa kutosha, na ushike prosesa kwa kingo zake tu.

Kwenye AM5, LGA1700 na LGA1851, pini ziko ndani ya soketi na ni nyembamba mno. Ukiiangusha prosesa juu yake kwa pembe, au ukiingiza kidole, zitapinda, na kuzinyoosha ni kazi ya sindano na hadubini. Bonyeza mkono wa chuma chini kidogo, uvute pembeni, uinue hadi mwisho, kisha inua fremu. Linganisha pembetatu ndogo iliyo kwenye kona ya prosesa na ile ya soketi, na hakikisha mapengo ya pembeni yanakutana na vijino vya soketi. Iteremshe wima, uiachie. Haisukumwi. Rudisha fremu, kisha shusha mkono wa chuma. Utahitaji nguvu ambayo wengi hawaitarajii, na utasikia mlio wa kukwaruza. Ni kawaida. Kifuniko cha plastiki kitajirusha chenyewe wakati huo. Kihifadhi, kwa sababu ubao ukirudishwa dukani bila kifuniko hicho dhamana inaweza kukataliwa.

Kwenye AM4 mambo yamegeuka: pini 1331 ziko chini ya prosesa yenyewe. Inua mkono wa chuma, linganisha pembetatu, na uiachie iingie kwa uzito wake. Ikiwa imekaa juu juu, iinue, utazame pini kwa tochi ukiiangalia kwa ubavu. Pini moja iliyolala huonekana mara moja, na inaweza kunyooshwa polepole kwa ncha ya kadi ya plastiki. Ikikaa sawa, shusha mkono. Hapa hakuna nguvu inayohitajika.

2. RAM

Kama una vipande viwili na sloti nne, kwenye mbao mama karibu zote vinaingia sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kitabu huziita A2 na B2. Ukiviweka kwenye sloti mbili zinazogusana za upande mmoja, kompyuta inaweza kuwaka lakini kumbukumbu itafanya kazi kwa njia moja badala ya mbili, na kasi itashuka bila ujumbe wowote wa kosa. Kompyuta nyingi hutumika hivyo kwa miaka mmiliki asijue.

Fungua vibanio (mbao mama nyingine zina kibanio upande mmoja tu), linganisha pengo, kisha bonyeza ncha zote mbili kwa vidole gumba hadi kila upande ulie. Mlio mmoja hautoshi. Ubao utapinda kidogo ukibonyeza, na ndiyo sababu kazi hii hufanywa juu ya boksi na si ndani ya kasha, ambako hakuna kinachouegemeza sehemu ya chini. RAM iliyoingia nusu ndiyo chanzo cha kawaida kuliko vyote cha skrini nyeusi siku ya kwanza.

3. SSD ya M.2

Tumia sloti iliyo karibu zaidi na prosesa. Kwa kawaida ndiyo yenye kasi kubwa na ndiyo itakayofunikwa kabisa na kipozaji na kadi ya grafiki. Fungua bamba lake la kupozea, halafu tazama namba iliyoandikwa kwenye SSD: 2280 ina maana ya upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Hakikisha kinguzo kidogo kiko kwenye tundu lenye namba 80, la sivyo SSD itapinda utakapoifunga.

Iingize kwa mwinamo wa nyuzi kama 30 hadi mstari wa dhahabu karibu wote upotee, ilaze, kisha funga skrubu au zungusha kilatchi cha plastiki. Chini ya bamba la kupozea kuna utepe laini wenye karatasi ya plastiki juu yake. Ibandue karatasi hiyo. Ikibaki, bamba linageuka blanketi, na SSD itapunguza kasi yake kila unaponakili faili kubwa.

Usichanganye M.2 ya NVMe (aina yenye kasi zaidi) na M.2 ya SATA. Umbo ni karibu moja, ila sloti nyingi za leo hupokea NVMe peke yake, na SSD ya SATA ikiwekwa humo haitaonekana kamwe.

4. Kipozaji

Kabla ya pesti (ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozaji), fanya jaribio kavu: weka mabano, kalisha kipozaji, uone kama skrubu zinafika na kama feni haigongi RAM. Kwenye AM4, vipozaji vingi vinataka utoe mabano mawili ya plastiki yaliyo juu ya ubao. Ukiyafungua, bamba la nyuma litaanguka, kwa hiyo lishike kwa mkono mwingine. Kwenye AM5 bamba la nyuma limefungwa pamoja na soketi na halitoki. Kwa Intel, LGA1700 ina nafasi pana zaidi kati ya matundu kuliko LGA1200, yaani milimita 78 badala ya 75, hivyo kipozaji cha zamani kinahitaji mabano mapya hata kama kinaonekana kinakaa.

Bandua plastiki iliyo chini ya kipozaji. Mara nyingi ni angavu, na watu huiacha. Kama kipozaji kimekuja na pesti ya kijivu tayari, usiongeze nyingine. Kama hakina, weka tone moja katikati ya prosesa, lenye upana wa milimita 4 hadi 5. Kwa prosesa kubwa za AM5 na LGA1700, ongeza vitone vidogo kwenye kona nne. Pesti ikizidi kidogo haidhuru kitu zaidi ya kuchafua. Ikipungua, kona moja ya prosesa inapata joto peke yake. Huna haja ya kuisambaza kwa kidole, mgandamizo utafanya kazi hiyo.

Shusha kipozaji wima na kaza skrubu kwa msalaba: mizunguko miwili hapa, miwili kwenye kona ya mkabala, kisha zile nyingine mbili, hadi zote zifike mwisho wake. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho kwanza, pesti itasukumwa upande mwingine. Ukilazimika kukiinua kipozaji baada ya kugusa prosesa, safisha pesti yote kwa spiriti na uanze upya, kwa kuwa mapovu ya hewa hubaki ndani.

Waya wa feni unaingia kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN. Pini hizo zikikosa feni, mbao mama nyingi husimama na kutoa onyo.

Vipo vipozaji vya mnara ambavyo ukubwa wake unazuia mkono kufikia tundu la umeme la kona ya juu kushoto, au skrubu za ubao zilizo karibu. Hivyo funga mabano yake sasa, lakini mwili wenyewe usubiri hadi ubao uwe ndani ya kasha na waya wa prosesa uwe umechomekwa. Vipozaji vya maji vinafuata njia hiyohiyo: mabano sasa, rejeta (bamba lenye feni linalopoza maji) na pampu baadaye.

5. Jaribio nje ya kasha

Hatua hii hurukwa kwa haraka ya kuona kompyuta imekamilika, na ni hasara. Dakika kumi hapa zinakuonyesha kifaa kibovu kabla hujakizungushia nyaya ishirini.

Ubao ukiwa juu ya boksi lake, chomeka waya wa pini 24 na ule wa pini 8 wa prosesa. Unganisha skrini. Kama prosesa yako haina grafiki ya ndani (zile za Intel zenye herufi F mwishoni, na Ryzen nyingi za AM4 zisizo na herufi G), itakubidi uchomeke kadi ya grafiki kwa muda pamoja na waya wake wa umeme, na uishike isiegemee. Washa swichi ya pawa saplai, kisha gusisha pini mbili za PWR_SW (za kitufe cha kuwasha) kwa ncha ya bisibisi kwa nusu sekunde.

Sasa subiri. RAM ya DDR5 mara ya kwanza hupitia mafunzo ya mawimbi yake, yaani ubao hutafuta mipangilio inayoifaa, na skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa, kompyuta ikijizima na kujiwasha. Aliyeizima katikati kwa wasiwasi ameanza mafunzo upya. Ukiona ukurasa wa BIOS, soma kama kiasi chote cha RAM kipo, SSD inaonekana, na joto la prosesa linatulia kwenye nyuzi 30 hadi 50 hivi. Likipanda kuelekea 90 ndani ya dakika chache bila kazi yoyote, kipozaji hakijagusa vizuri au plastiki ipo. Zima, toa waya wa ukutani, bonyeza PWR_SW tena kumaliza umeme uliobaki, na utenganishe.

6. Kasha na pawa saplai

Toa milango yote miwili. Mlango wa kioo ulazwe juu ya kitu laini. Kona yake ikigusa sakafu ya vigae inaweza kupasuka kioo kizima.

Hesabu vinguzo vya shaba vinavyoubeba ubao. Ubao wa ATX kamili, wenye milimita 305 kwa 244, una matundu tisa. Mini-ITX, wenye milimita 170 kwa 170, una manne. Kila tundu liwe na kinguzo chini yake, na pasiwe na kinguzo mahali pasipo na tundu. Kinguzo cha ziada kikigusa mgongo wa ubao kinapiga shoti, na dalili yake ni kompyuta kuwaka kwa sekunde moja kisha kuzima.

Kama ubao wako una kibati cha matundu ya nyuma kilichotengwa, kipachike sasa kwa kubonyeza kona nne hadi zilie. Ukikisahau, hakuna namna ya kukiingiza bila kuutoa ubao wote. Ni kosa la kuudhi kuliko yote kwenye orodha hii.

Pawa saplai hutangulia ubao katika makasha mengi, kwa sababu nyaya zake hupita nyuma. Feni yake itazame chini kama kasha lina matundu na kichujio chini, na itazame juu kama halina au kasha litakaa juu ya zulia. Kama nyaya zinachomolewa, chomeka zile unazohitaji sasa, kabla ya kuifunga kwa skrubu nne, maana baadaye mkono hauingii. Na kamwe usitumie nyaya za pawa saplai nyingine, hata kama plagi inaingia. Hakuna kanuni ya pamoja kwa upande wa pawa saplai. Volti 12 zinaweza kufika pale palipotarajiwa volti 5, na diski zote zikaungua kwa pamoja mara tu unapowasha. Kampuni ileile inaweza kubadilisha mpangilio kati ya modeli mbili.

Makasha madogo ya Mini-ITX huwa na utaratibu wake: mengine yanataka pawa saplai iingie mwisho, mengine yanataka rejeta itangulie kila kitu. Hapo fuata kijitabu cha kasha.

7. Ubao mama ndani

Kwanza pitisha waya wa pini 8 wa prosesa kwenye tundu la kona ya juu kushoto na uuache ukining'inia. Nafasi kati ya ubao na dari ya kasha ni finyu, na waya huu ukija baada ya ubao na rejeta utapambana nao kwa robo saa.

Shusha ubao kwa mwinamo, matundu ya nyuma yakitangulia ndani ya kibati. Tazama vilimi vya kibati visiingie ndani ya tundu la USB au la mtandao. Ukiona matundu ya vinguzo kwa nafasi zote, anza na skrubu ya katikati bila kuikaza, kisha kona, halafu zote. Kaza hadi skrubu igome, basi. Haipaswi kuminya ubao.

8. Nyaya, kuanzia ndogo

Anza na nyaya za mbele ya kasha wakati bado kuna nafasi. Ukisubiri kadi ya grafiki iingie, pini za chini ya ubao hutaziona.

Za vitufe na taa ndizo ndogo zaidi. Mpangilio uliozoeleka ni safu mbili zenye jumla ya pini tisa: safu moja ina taa ya diski kisha RESET, nyingine ina taa ya umeme kisha PWR_SW. Thibitisha kwa kitabu, kwa sababu wapo watengenezaji wanaopanga kivyao. Vitufe havina chanya wala hasi. Taa zinavyo, na ukizigeuza hazitawaka, lakini hazitaungua.

Waya wa sauti (HD_AUDIO) na wa USB 2.0 zinafanana kwa ukubwa. Tofauti ni mahali pa pini iliyokosekana, kwa hiyo isipoingia kirahisi, angalia upya badala ya kusukuma. Plagi ya USB 3.0 ya mbele, yenye pini 19, ni nene na ngumu, na pini zake za ubao hupinda kirahisi. Ishike wima, tafuta kijino cha mwongozo, sukuma bila kuyumbisha. Ukiitoa siku nyingine, shika fremu ya plastiki ya ubao kwa vidole, kwa sababu wakati mwingine hung'oka pamoja na plagi.

Feni za kasha: hewa huingia upande wa wazi wa mapanga na kutokea upande wenye fremu na nembo. Za mbele na za chini ziingize, za nyuma na za juu zitoe. Plagi ya pini 3 inaingia kwenye tundu la pini 4 bila shida, ila kasi yake itadhibitiwa kwa volti. Weka hilo sawa kwenye BIOS baadaye.

Kisha umeme mkubwa. Pini 24 huhitaji nguvu. Sukuma hadi kikulabu kipande juu ya kijino. Kwa waya wa prosesa, tofautisha plagi iliyoandikwa CPU, inayogawanyika 4 na 4, na ile ya PCIe (ya kadi ya grafiki) inayogawanyika 6 na 2. Zote zina pini 8, lakini chanya na hasi zimebadilishana upande. Maumbo ya plastiki yanazuia kosa, mradi usilazimishe. Ubao wenye matundu mawili ya pini 8 kwa kawaida hufanya kazi ukiwa na moja. La pili ni kwa prosesa zenye njaa kubwa.

Kwa aliye na kipozaji cha maji, huu ndio wakati wa rejeta. Ifunge juu ya kasha, au mbele, ili mradi pampu isiwe mahali pa juu kuliko vyote kwenye mzunguko. Hewa hukusanyika juu, na pampu ikivuta hewa italia na kufa mapema. Waya wa pampu uende kwenye AIO_PUMP, au CPU_FAN iliyowekwa kasi kamili.

Nyaya zifunge kwa urahisi tu kwa sasa. Usafi kamili wa mgongo wa kasha ungoje hadi kompyuta iwake.

9. Diski za SATA, kisha kadi ya grafiki

Diski zifungwe kwenye vizimba vyake, waya wa data na wa umeme ukiingia ukiwa umenyooka, umbo la L la plagi likilingana na la tundu. Plastiki ya tundu la SATA huvunjika ukivuta waya kwa ubavu.

Kadi ya grafiki ni ya mwisho. Ni nzito, ndefu na inaziba nusu ya ubao. Ondoa vibati viwili au vitatu vya nyuma vinavyolingana na sloti ya juu kabisa, fungua kibanio cha sloti, ingiza kadi hadi kilie, kisha funga skrubu nyuma. Kama kadi inalegea mbele, tumia kiegemeo.

Sloti yenyewe hutoa hadi wati 75. Plagi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. Kadi inayotaka plagi mbili za pini 8 ipewe nyaya mbili tofauti kutoka pawa saplai badala ya waya mmoja wenye vichwa viwili, hasa kama ni kadi kubwa. Plagi mpya ya pini 16 hubeba hadi wati 600, na ndiyo isiyosamehe uzembe: isukume hadi usione pengo lolote, na usiupinde waya ndani ya milimita 35 za kwanza. Ikikaa nusu, pini chache zinabeba mzigo wote na plastiki inayeyuka.

Skrini ichomekwe kwenye kadi. Kuichomeka kwenye ubao mama ni kosa linaloleta malalamiko ya “hakuna picha” au “michezo ni mizito” kila siku.

Isipowaka

Mbao mama nyingi zina taa nne ndogo: CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya grafiki) na BOOT (kuanzisha mfumo). Taa inayobaki imewaka ndiyo inayoonyesha pa kuanzia.

Kimya kabisa, hata feni hazizunguki: swichi ya pawa saplai, plagi ya pini 24, kisha PWR_SW iliyokaa pini moja pembeni.

Taa ya CPU: waya wa pini 8 haupo au haujaingia, BIOS haiijui prosesa, au pini za soketi zimepinda. Kagua kwa mpangilio huohuo, kwa kuwa wa mwisho unahitaji kufungua kipozaji.

Taa ya DRAM: toa vipande vyote, weka kimoja tu kwenye sloti ya A2, subiri dakika kadhaa. Kikikataa, jaribu kingine. Ikiwa vyote vinawaka kimoja kimoja lakini si pamoja, legeza kidogo skrubu za kipozaji. Mgandamizo usio sawa juu ya soketi huweza kukata mawasiliano ya njia moja ya RAM.

Taa ya VGA: umeme wa kadi, au kadi haijafika mwisho wa sloti. Taa ya BOOT si ugonjwa kwenye kompyuta mpya. Ina maana tu kwamba hakuna mfumo wa uendeshaji wa kuanzisha.

Ikiwaka na kuzima sekunde hiyohiyo, rudi kwenye vinguzo. Ikidumu dakika moja ndipo ikazima, ni joto. Na ukishabadilisha mipangilio ya BIOS ikakataa kuwaka, toa waya wa ukutani, ondoa betri ya CR2032 kwa dakika tano, urudishe.

Ndani ya BIOS, kabla ya kusakinisha chochote

RAM itakuwa inakwenda kasi yake ya msingi, ambayo kwa DDR5 mara nyingi ni 4800, hata kama boksi limeandikwa 6000. Washa XMP kwenye ubao wa Intel au EXPO kwenye wa AMD (mipangilio ya kasi iliyoandikwa kwenye boksi), hifadhi, na ukubali mafunzo mengine ya dakika chache. Kama ungependa Windows 11, hakikisha TPM (kifaa cha usalama) imewashwa na mfumo wa kuanzia ni UEFI (aina mpya ya BIOS). Weka tarehe, panga mkunjo wa kasi za feni, kisha anzisha kwa flashi ya GB 8 au zaidi yenye mfumo.

Mfumo ukishaingia, weka draiva za ubao na za kadi, halafu ipe prosesa kazi nzito kwa nusu saa mlango wa kasha ukiwa umefungwa, si wazi, ukiangalia joto. Prosesa nyingi za sasa zimeruhusiwa kufika nyuzi 95 au 100 kabla ya kujipunguza kasi, kwa hiyo 80 na kitu chini ya mzigo kamili si jambo la kukimbilia fundi. Zikigonga kikomo ndani ya sekunde chache, fungua kipozaji utazame alama ya pesti: iwe imeenea hadi karibu na kingo zote. Ikiwa upande mmoja ni mkavu, skrubu za upande huo ndizo zilizobaki legelege.